Kumwandalia Nafasi Mhusika Ambaye Hajafika

Kila filamu inayochanganya waigizaji na katuni ina mhusika mmoja ambaye siku ya kurekodi hayupo. Wenzake wanaongea naye, wanampisha mlangoni, wanamgombeza, lakini yeye atachorwa miezi mingi baadaye, waigizaji wakiwa wameshalipwa na kwenda zao. Maisha yangu ya kazi nimeyatumia kumwandalia mhusika huyo mahali pa kukaa. Naandika haya kwa ajili ya kijana anayejua kuchora, au anayejua kushika kamera, ambaye ameanza kutamani kuviweka vyote viwili ndani ya fremu moja. Njia ipo na inapitika. Ina gharama zake tu, na nyingi kati ya hizo mtu anaweza kuziepuka akielezwa mapema.

Nilianzia mezani, kwenye kuchora. Nilikuwa nachora katuni za matangazo na za vipindi vya watoto, mpaka siku moja nikaletewa picha zilizokwisha kurekodiwa: mama na mwanawe jikoni, na pembeni yao pengo ambamo nilitakiwa kumweka paka anayeongea. Kamera ilishikwa mkononi na ilikuwa inatikisika. Dirisha la nyuma lilikuwa limeungua kwa mwanga, jeupe tupu. Hakuna aliyeandika lenzi gani ilitumika. Mtoto alitakiwa kumtazama paka usoni, lakini macho yake yalipita juu ya kichwa cha paka na kutua ukutani. Nilimchora paka yule kwa moyo wangu wote, nikampa kope, masharubu, hata pumzi. Tangazo lilipotoka, watu walisema paka amebandikwa, na walisema kweli. Iliniuma sana, lakini ndipo nilipoelewa kwamba uchoraji, hata uwe mzuri namna gani, hauwezi kumwingiza mhusika kwenye chumba ambacho hakikumwachia nafasi.

Tangu hapo nikajiwekea sharti: sichori mhusika wa filamu ambayo sikuwepo ilipokuwa inarekodiwa. Sharti hilo lilinikosesha kazi, tena wakati nilipozihitaji sana. Watayarishaji wengi humwona mchoraji kuwa mtu wa mwishoni, wa kuitwa mambo yote yakishakamilika, na kumlipa siku za seti, pale filamu inaporekodiwa, wanaona ni kutupa hela. Ikabidi nijifunze kuongoza mwenyewe. Nilibeba taa kwenye filamu za watu, nikakunja nyaya, nikaandika kumbukumbu za kamera, nikakaa nyuma ya wahariri usiku. Wachoraji wenzangu waliona nimewakimbia, na watu wa kamera waliendelea kuniita mtu wa katuni. Nilipata nguvu kwa Moustapha Alassane wa Niger, ambaye tangu miaka ya 1960 alitengeneza katuni na akaongoza filamu za waigizaji pia. Kujua kwamba kuna mtu ameishi na fani zote mbili kulinitosha kuendelea.

Tatizo lenyewe la kumwandalia nafasi mhusika asiyekuwepo lina umri mkubwa kuliko sauti kwenye sinema. Mwaka 1914 Winsor McCay alisimama jukwaani kando ya skrini na kumwamuru dinosaria wake wa kuchora, Gertie, ainamie watazamaji na kuinua mguu, na mnyama akatii. Kwa kweli McCay ndiye aliyekuwa akimfuata mnyama, kwa sababu picha haiwezi kumsubiri mtu. Ilimlazimu ajue wakati gani aseme na wakati gani anyamaze. Mwaka 1917 Max Fleischer alipata hataza ya rotoskopi, chombo kinachomwezesha mchoraji kufuatisha mwendo wa mtu aliyerekodiwa, fremu kwa fremu, yaani picha moja moja ya mkanda. Kwenye Mary Poppins ya 1964, waigizaji walisimama mbele ya skrini iliyomulikwa kwa taa za sodiamu, na prizimu ndani ya kamera ikaugawa mwanga kwenye mikanda miwili, mmoja ukibeba picha ya mtu na mwingine ukibeba umbo lake la kumkatia. Karne nzima watu wamehangaika na pengo lile lile.

Filamu iliyonifundisha zaidi ni Who Framed Roger Rabbit ya 1988, iliyoongozwa na Robert Zemeckis, katuni zake zikisimamiwa na Richard Williams. Nimeitazama mara nyingi nikiwa nimezima sauti, nikiangalia vitu tu: viti, milango, glasi. Vitu ambavyo katuni inavigusa vinasogea kweli, kwa sababu siku ya kurekodi mafundi walivisogeza kweli kwa vijiti, nyaya na mitambo. Charles Fleischer, aliyempa sungura sauti, alikuwepo seti akimjibu Bob Hoskins kutoka nje ya fremu. Na kuna tukio ambalo taa inayoning'inia inagongwa na kuanza kuyumba, wachoraji wakalazimika kubadilisha mwanga na kivuli cha sungura kila fremu ili viyumbe pamoja na taa. Wengi hawaioni kazi hiyo. Wanachokipata ni imani kwamba sungura yumo chumbani.

Nianze na macho, maana ndiko filamu nyingi za aina hii zinakofia.

Ukimwambia mwigizaji "tazama hapo, ndipo alipo," ukampa hewa tupu hatua moja mbele yake, macho yake hayatatua hapo. Yatapita mpaka yafike kwenye kitu cha kwanza kilichopo nyuma, ukuta au stendi ya taa. Macho yanayotazama kitu cha karibu hukaribiana kidogo kuelekea puani, na yanapotazama mbali hunyooka. Mtazamaji hajawahi kufundishwa jambo hilo lakini analisoma papo hapo, kwa kuwa amesoma macho ya watu tangu uchanga wake. Mpira wa tenisi juu ya fimbo unasaidia kuonyesha urefu na upande, ila hauna uso. Mwigizaji akiuongelesha kwa muda anaacha kusubiri jibu. Anasema maneno yake, anapumzika, anasema mengine, na mazungumzo yanakufa.

Kwenye filamu yangu ya kwanza ndefu, mzee fundi wa saa anaishi na mvulana aliyechorwa kwa mkaa, mweusi mwili mzima. Nafasi ya mvulana nilimpa mwigizaji mwembamba, mfupi, aliyepiga magoti nyuma ya meza mpaka kidevu chake kikalingana na pale kidevu cha mvulana kingekuwa. Kwanza tulirekodi naye akiwa ndani ya fremu, akisema maneno yote, akicheka, akimkatiza mzee. Kisha akatoka, akaenda kando ya kamera na kuendelea kusema sehemu yake, na mzee akarudia akimkumbuka. Halafu mzee naye akatoka, tukarekodi chumba kitupu bila kugusa kamera wala taa. Mpaka leo nafanya hivyo kwa kila shoti, yaani kila kipande kinachorekodiwa kwa mkupuo mmoja. Toleo lenye mtu ndani ndilo ninalolitazama ninapochora, lile la pili ndilo linaloingia kwenye filamu, na la chumba kitupu linaniokoa kila ninapotaka kufuta kitu kisichotakiwa.

Kabla hatujaanza siku ya kwanza, mzee yule aliniita pembeni. "Hivi mwanangu, huyu mtoto ananukaje?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali kama hilo. Nikamjibu, "Moshi, mzee wangu. Ametoka kwenye mkaa."

Akatikisa kichwa, akarudi kitini. Tangu hapo, kila mvulana alipomsogelea, mzee alikuwa akivuta kichwa nyuma kidogo sana na kupepesa macho, kama mtu aliyekaa upande unaopelekewa moshi. Hakuna mchoro wangu wowote uliomfanya mvulana awepo kuliko kile kichwa kuvutwa nyuma. Kwa hiyo usimpe mwigizaji wako mahali pa kutazama peke yake. Mweleze mhusika ni baridi au moto, mzito au mwepesi, ana harufu gani, ana sauti ya namna gani anapotembea sakafuni. Mwonyeshe michoro, ibandike seti. Mwigizaji mzuri anaweza kukumalizia nusu ya kazi kwa ngozi yake tu.

Baada ya macho ni uzito. Katuni haina uzito wake, lazima iuazime kwenye vitu halisi. Mvulana alitakiwa kupanda kwenye kiti chenye mto, na kama mto haubonyei, basi hakuna aliyepanda. Tulichukua kifuko cha mchanga, tukakifunga kwenye kijiti, msaidizi akakishusha kutoka nyuma ya kiti kwa kishindo. Mto ukabonyea, kiti kikalia, kikombe cha chai kando yake kikatikisika kidogo, jambo ambalo hatukulipanga na ambalo nililifurahia mno. Kifuko, kijiti na mkono wa msaidizi vyote vilionekana kwenye picha, lakini vilikuwa ndani ya eneo ambalo mwili wa mvulana ungelifunika. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine kuhusu vitu: kinachosogeza kifiche nyuma ya mwili utakaochorwa, na hutakuwa na la kufuta.

Kikombe kilipotakiwa kuinuliwa, kilitutoa jasho. Tulianza na mshipi wa kuvulia, kikawa kinazunguka hewani na kumwaga chai. Uzi mmoja hauzuii kitu kujizungusha, na hata ukifunga nyuzi tatu bado kinapepea kwa namna ambayo mkono wa mtu haupepei. Mwisho tulipitisha waya mgumu kwenye mshikio wa kikombe, ukitokea upande wa mbali na kamera, ukifuata njia ambayo mkono wa mvulana ungepita. Aliyeushika alikuwa yule yule aliyeigiza mvulana, kwa sababu alikwishajua mvulana anakunywa kwa haraka au kwa kuchelewa. Mtu wa vifaa angekiinua vizuri, lakini asingekiinua kama mvulana.

Ili mambo haya yasikukute seti, kila shoti kwenye storibodi yangu, ile michoro ya kupanga filamu kabla ya kurekodi, ina maelezo mafupi chini yake: mhusika anagusa nini, kinasogea vipi, nani anakisogeza, na aliyekisogeza anafichwa na nini. Shoti isiyo na majibu hayo hatuirekodi. Tunaibadilisha, au mhusika hagusi chochote.

Mwanga nao unataka nidhamu. Nina mipira miwili, mmoja wa kijivu usiong'aa na mwingine unaoakisi kila kitu. Kila tunapohamisha kamera au taa, msaidizi anaishika pale mhusika atakapokuwa, tunarekodi sekunde chache. Wa kijivu unanionyesha mwanga mkuu unatoka wapi, ni mkali au laini, na upande wa gizani unakolea kiasi gani. Ule unaoakisi unanionyesha taa na madirisha yaliyokuwepo, hata yaliyo nyuma ya kamera. Wanaotumia wahusika wa pande tatu (3D), wanaojengwa kwenye kompyuta, huupiga huo picha kwa viwango tofauti vya mwanga na kuvigeuza kuwa mwanga wa kuangazia mhusika ndani ya kompyuta. Kwa mimi ninayechora kwa mkono, ni kumbukumbu inayonizuia kubuni. Inachukua chini ya dakika moja, na bado kila seti kuna mtu atakayesema tunachelewa. Simama imara.

Kwenye kivuli, usipake kimoja ukaridhika. Kuna kile chembamba, cheusi sana, pale unyayo unapokutana na sakafu, na kuna kile kipana kinacholainika kadiri kinavyokwenda mbali. Cha kwanza ndicho kinachomshikilia mhusika chini. Ukikisahau ataelea hata kama cha pili umekichora kwa ustadi. Angalia na weusi wake: picha ya kamera mara nyingi haina weusi kamili, una ukijivu au ubuluu kidogo, hasa vitu vilivyo mbali. Mvulana wangu wa mkaa alikuwa na weusi kuliko chumba chote na alionekana kama tundu lililotobolewa kwenye filamu, mpaka nilipomwinulia weusi ukalingana na kivuli cha chini ya meza. Mwisho kabisa weka chembechembe, zile nukta ndogo za picha ya kamera. Kamera ina chembe zake, mchoro ni msafi, na jicho linaubaini usafi huo.

Kuhusu kamera, andika. Lenzi, urefu wa kamera kutoka sakafuni, mwinamo wake, umbali mpaka kwa mhusika. Kalamu na daftari vinatosha. Kamera ikitembea, bandika alama ndogo za mkanda kwenye kuta na vitu vilivyo karibu na vilivyo mbali, maana kompyuta inatambua mwendo wa kamera kwa kulinganisha vitu vya karibu vinavyohama haraka na vya mbali vinavyohama polepole. Alama zote zikiwa kwenye ukuta mmoja bapa, utahangaika.

Kwa wanaoanza na simu, na ni wengi, mambo mawili yatawaokoa. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayobadilikabadilika, hata kama imeandika 24 au 30. Utachora ukifuata hesabu moja, na picha itakuwa inafuata nyingine, mdomo wa mhusika ukizidi kuachana na sauti kadiri shoti inavyokwenda. Tumia programu inayofunga idadi ya fremu, na ufunge pia mwanga, rangi na fokasi. La pili, zima kile kinachotuliza mtikisiko, kwa kuwa kinaikata na kuipinda picha tofauti kila fremu, na baadaye hakuna programu itakayojua kamera ilikuwa wapi. Weka simu kwenye stendi.

Kitambaa cha kijani sitakizungumzia sana, kwa sababu nakitumia mara chache. Kimulike sawasawa kote, na mwigizaji akae mbali nacho ili ukijani usimrukie shingoni na kwenye nywele. Katika kazi yetu mara nyingi mwigizaji yuko kwenye chumba halisi na anayeongezwa ni mhusika, kwa hiyo kitambaa hakihitajiki kabisa. Nimeona vijana wakinunua vitambaa na taa za kuvimulikia kabla hawajawa na mswada.

Sauti ya mhusika irekodiwe kabla ya seti ikiwezekana, na ichezwe seti. Mchoraji anachora akifuata sauti, hawezi kufanya kinyume chake bila kuteseka.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo inayovunja filamu nyingi. Sinema ni fremu 24 kwa sekunde, yaani fremu 1440 kwa dakika moja. Katuni ya kawaida inaweza kushikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili, ukawa na michoro 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Lakini kamera ikitembea, chumba kinahama kila fremu wakati mhusika anahama kila baada ya fremu mbili, naye anaanza kuteleza juu ya sakafu. Hapo huna budi kuchora kila fremu. Kwa hiyo mpiga picha akisema "tusogee kidogo tu," anaweza kuwa ameongeza kazi yako mara mbili kwa sentensi moja. Mimi na mpiga picha wangu tumewahi kununiana siku nzima kwa jambo hilo. Siku hizi tunapitia storibodi pamoja na kukubaliana ni shoti zipi zinastahili mwendo, na zinazostahili nazilipia kwa moyo mweupe. Wanaotumia pande tatu wana hesabu yao: fremu moja ikichukua dakika 10 kurenda, yaani kompyuta kuitengeneza picha yake ya mwisho, dakika moja ya filamu inataka saa 240, siku 10 mashine ikifanya kazi usiku na mchana. Renda picha moja moja kwenye folda, usirende video nzima, ili umeme ukikatika upoteze fremu moja badala ya usiku wote.

Ndiyo maana nasema uhariri ufungwe, yaani usibadilishwe tena, kabla ya kuchora chochote cha mwisho. Nahariri filamu nzima nikitumia yale matoleo yenye mwigizaji aliyepiga magoti, naikusanyia watu wachache, wanaitazama. Kama hadithi inawashika wakati mhusika ni mtu mzima aliyepiga magoti, itawashika atakapochorwa. Kama haiwashiki, mchoro hautaiokoa. Baada ya hapo tunafunga, naacha fremu nane hadi kumi na mbili za ziada kila upande wa shoti, na kuchora kunaanza.

Nimeona gharama ya kutofunga. Kwenye filamu moja niliyoajiriwa kuisimamia katuni, mtayarishaji aliamua tukio zima lihamie mwanzoni, mhusika akiwa bado hajaumia mkono. Tulikuwa tumeshamchora na bendeji, akitembea kwa kuulinda mkono ule, na mwendo mzima ulijengwa juu ya maumivu hayo. Wiki nyingi za kazi ya vijana zilitupwa asubuhi moja. Mmoja wao, mchoraji mwenye kipaji kikubwa, aliacha fani mwezi ule ule. Bado inaniuma. Tangu hapo mikataba yangu inasema wazi kwamba mabadiliko baada ya uhariri kufungwa yanalipiwa upya, kwa sekunde.

Na kuhusu fedha kwa ujumla, bajeti yangu inaanza na sekunde za mhusika kuonekana, kurasa za mswada baadaye. Sekunde zinazidishwa kwa michoro, michoro kwa saa za mchoraji. Malipo yanakuja kwa hatua: storibodi, uhariri uliofungwa, michoro ya awali, picha za mwisho. Fedha ya kuchora iwekwe kando kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, kwenye akaunti yake. Seti ina njaa. Mvua ikinyesha siku moja au gari likiharibika, itakula chochote kilichopo, na filamu nyingi za mchanganyiko hufika kwa wachoraji mfuko ukiwa mtupu. Pia andikeni mhusika ni wa nani. Mvulana akipendwa, atatakiwa kwenye fulana, vitabu na matangazo, na wakati huo makubaliano ya mdomo hayamkumbuki mtu.

Vifaa si kikwazo kikubwa kama zamani. Blender ni ya bure, inachora, inafuatilia mwendo wa kamera na kuunganisha tabaka. Mwaka 2012 watengenezaji wake waliitumia kutengeneza Tears of Steel, filamu fupi ya waigizaji, kwa makusudi ya kuiboresha programu kwa kazi kama hizi. Krita nayo ni ya bure kwa kuchora. Hela utakayookoa hapo nunua diski: nakala tatu za kila kitu, na moja isikae jengo moja na nyingine.

Kitu ambacho sikuandaliwa nacho kabisa ni upweke. Seti ni watu wengi, kelele, vicheko, chakula cha pamoja. Kisha siku moja wote wanaondoka, wanaingia kwenye filamu nyingine, na wewe unabaki na ile ile kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, ukitazama sekunde zile zile mpaka maneno yanapoteza maana. Kifundo cha mkono kinauma, macho yanakauka, nyumbani wanazoea kukuona ukipita. Nilifika mahali nikaichukia filamu niliyoipenda. Kilichonitoa ni kuanza kuwaita watu. Kila tulipomaliza tukio, nilimwita mmoja wa waliokuwepo seti aje kulitazama, si kwa sherehe, kwa kukaa tu na kuangalia pamoja.

Mzee aliyeigiza fundi wa saa alikuja. Alitazama tukio la chai, akaomba alirudie, akalitazama tena, kisha akasema: "Huyu mtoto ananijibu haraka mno. Mimi nilimwachia afikiri." Tuliirudisha picha nyuma na kweli, baada ya swali lake, mzee alikuwa ametulia, ametega sikio, akimsubiri mtu. Mimi niliujaza muda ule kwa mikono na nyusi. Niliviondoa vyote. Mvulana akabaki anamtazama tu mzee kwa karibu sekunde nzima, kope moja ikishuka, ndipo akajibu. Ni sehemu ambayo watazamaji wananitajia kuliko zote, na ilitokana na kufuta.

Filamu ikiisha, jiandae kwa swali la mahali pa kuiweka. Matamasha mengi yana mlango wa katuni na mlango wa filamu za waigizaji, na wewe unaambiwa huku umezidi huku umepungua. Kwa Oscar, filamu ndefu inahesabika ya katuni ikiwa katuni ipo katika angalau asilimia 75 ya muda wake. Marcel the Shell with Shoes On, ambamo gamba la konokono lililohuishwa linaishi kwenye nyumba halisi na watu halisi, iliteuliwa katika kundi la filamu ndefu za katuni kwenye tuzo za mwaka 2023, kwa hiyo mlango haujafungwa kwetu. Lakini kigezo cha namna hiyo hujibiwa kwa namba. Wakati bado mnachora, weka jedwali la kila shoti: inaanzia wapi, inaishia wapi, mhusika yumo kwa sekunde ngapi, kipi kilichorwa na kipi kilirekodiwa. Hifadhi na picha za seti zikionyesha chumba kabla mhusika hajaingizwa. Ukisubiri hadi uulizwe, utajikuta unahesabu fremu usiku wa mwisho wa kutuma maombi.